Sahani Haina Hatia: Tuache Kuwanunia Wanaokula kwa Mchina



Nianze na jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatulisemi kwa sauti. Ndani ya jumuiya yetu ya vijana kumezuka tabia ya kukaguana sahani. Mwanachama akionekana kwenye picha na familia yake katika mgahawa wa Kichina, mke pembeni, watoto wanacheka, mama mkwe kajifunga kilemba, samaki mzima katikati ya meza, basi ameisha. "Huyu naye kamanda?" "Asubuhi anapinga mikataba ya Wachina, jioni anakwenda kuwachangia." "Wameshachukua Kariakoo, na wewe unawapelekea hela mwenyewe." Maneno ni makali, na mengine yanatoka kwa watu ninaowaheshimu sana.

Msimamo wangu ni huu: kula kwa Mchina si usaliti. Kosa letu linaanza pale tunapokula, tunalipa, tunafuta mdomo na kuondoka bila kuuliza swali hata moja. Na kosa kubwa kuliko hilo ni la serikali, inayotuacha tugombane juu ya wali wa kukaanga wakati mikataba yenye uzito wa nchi imefungiwa kabatini.

Ngoja nieleze.

KWA NINI WATU WANAKWENDA

Tuwe wakweli. Watu hawaendi kule kwa sababu wanaipenda Beijing. Wanakwenda kwa sababu mtoto kamaliza chuo, au mdogo wake kapata kipaimara, au ni siku ya pili ya Idi na mama mwenye nyumba amesema leo hapiki, amechoka, na ana haki ya kuchoka. Wanakwenda kwa sababu meza ni ya duara, inakaliwa na watu 8 au 10, na katikati kuna kioo kinachozunguka. Chakula kinawekwa pale, kila mtu anachota. Unamzungushia baba mkubwa samaki, naye anakurudishia tambi.

Sisi watu wa pwani hiyo si habari mpya. Tumelelewa kwenye sinia. Tofauti ni kwamba sinia halizunguki, mikono ndiyo inazunguka. Lakini maana ni ile ile: chakula kimoja, watu wengi, na mkubwa anaanza. Kwenye sehemu nyingi za chipsi kuku, kila mtu ana sahani yake na simu yake, mnakaa pamoja lakini kila mmoja yuko kwao. Kwenye meza ya duara huwezi. Usipoinua kichwa, kuku wa pilipili amekupita.

Na kuna vituko vyake, vya kupendeza. Watoto wanapigana na vijiti mpaka mhudumu anawaonea huruma na kuleta uma. Shangazi hagusi kitu mpaka aulize kuhusu nguruwe, na ana haki kabisa ya kuuliza: je, karai lililokaangia nguruwe ndilo hilo hilo linalokaangia kuku wetu? Je, mchuzi umetiwa mvinyo wa mchele? Mpishi mwenye heshima anajibu bila kununa. Tena wengi wetu hatujui kwamba China yenyewe ina Waislamu wengi, Wahui na wengineo, na kwamba zile tambi za mchuzi wa nyama ya ng'ombe za mji wa Lanzhou zinajulikana sana kama chakula cha migahawa ya Waislamu. Shangazi akiambiwa hilo anashangaa, kisha anaanza kula.

Halafu inakuja bili, na hapo ndipo undugu unapopimwa. Wenye busara wanakula kikoa tangu mwanzo, kila mtu anajua fungu lake kabla ya kukaa. Wasio na busara wanasubiri bili ifike ndipo wote wanakumbuka kwenda msalani.

Haya ndiyo maisha ya watu tunaotaka watupigie kura. Chama kinachomwambia fundi wa Mbagala kwamba sherehe yake ya mara moja kwa mwaka na familia ni dhambi ya kisiasa, hicho chama kimepotea njia.

HASIRA NI YA KWELI, ANWANI NDIYO IMEKOSEWA

Simwambii mtu kwamba hakuna tatizo. Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo anaujua uchungu wa kumkuta aliyekuwa anamuuzia mzigo kule Guangzhou amefungua fremu mtaa wa pili na anauza rejareja, begi moja moja. Kelele za wafanyabiashara wetu zilikuwa kubwa kiasi kwamba Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Humo mna biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, kuongoza watalii, hata kununua mazao shambani. Someni orodha ile, makamanda. Migahawa haimo. Mchina mwenye leseni, mwenye kibali, anayelipa kodi na kukaanga tambi zake Mikocheni hajavunja kipengele chochote cha amri hiyo.

Sasa tujiulize. Yule aliyeingia nchini kama mgeni wa kutembea akaishia kumiliki duka, nani alimpa leseni? Mpishi? Mhudumu? Kila kibali kina muhuri, na kila muhuri una ofisi. Ofisi hizo si za Wachina. Ni zetu, na zinaongozwa na watu walioteuliwa na chama kinachotawala nchi hii tangu uhuru.

Tupande ngazi moja zaidi. Mwaka 2013, Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam, ukawekwa saini mpango wa bandari ya Bagamoyo. Wananchi walikuja kuyasikia masharti yake vizuri mwaka 2019, miaka 6 baadaye, pale Rais Magufuli alipoyasema hadharani kwa hasira: dhamana ya miaka 33, ukodishaji wa miaka 99. Fikiria hilo. Tuliyajua masharti kwa sababu rais mmoja alikasirika. Asingekasirika je? Na Septemba 2024, kule Beijing, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina jasho la baba zetu na ina makaburi ya Wachina pale Gongo la Mboto, watu waliofia kazini mbali na kwao. Kwa heshima ya wote hao, kila karatasi ya kuifufua ilipaswa kuwa mezani kwa mwananchi, kwa Kiswahili, aisome.

Hapo ndipo hasira yetu inapotakiwa kupelekwa. Ukisusia mgahawa wa Kichina kesho, mkataba haufunguki. Anayepoteza ni binti wa Tandale anayebeba sinia la vikombe.

LAKINI HESHIMA HAIUZWI

Naona mtu anasema, "Kumbe huyu anawatetea." Hapana. Subiri.

Machi 2015 magazeti ya Kenya yaliandika habari za mgahawa mmoja wa Kichina mtaa wa Kilimani, Nairobi, uliokuwa hauruhusu Waafrika kuingia kuanzia saa 11 jioni. Nairobi, mji wao wenyewe! Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Wakenya wakachachamaa, na serikali ya kaunti ilipokwenda kukagua ikakuta hata leseni hazijakaa sawa, mgahawa ukafungwa. Februari 2020, hapo hapo Nairobi, ikasambaa video ya Mchina akimchapa fimbo mfanyakazi Mkenya ndani ya mgahawa, ikaelezwa kwamba kosa lilikuwa kuchelewa kazini. Polisi wakawakamata Wachina 4. Miezi miwili baadaye, Aprili 2020, Waafrika wa Guangzhou wakatolewa nje ya nyumba na hoteli kwa kisingizio cha korona, na tawi moja la McDonald's mjini humo likabandika tangazo kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Kampuni ikaomba radhi.

Niliyataja yote matatu makusudi. Tazameni kilichofanya kazi Nairobi. Watu hawakuwasaka Wachina mitaani. Walipaza sauti kwa jambo mahsusi, mahali mahsusi, wakailazimisha serikali itumie sheria iliyokuwepo muda wote. Hiyo ndiyo njia. Na tazameni pia kilichotuuma Guangzhou: kuhukumiwa kwa rangi, wote kwa mkupuo mmoja. Tukianza kusema "Wachina wote", tutakuwa tumelichukua lile lile tangazo na kulitafsiri kwa Kiswahili.

MWANGALIE ANAYEKUHUDUMIA

Kwa hiyo ukienda, nenda na macho. Mwangalie yule binti anayekumiminia chai. Ameanza zamu saa ngapi? Saa 4 usiku unapoondoka, yeye anaondoka saa ngapi, na kwa usafiri gani?

Nchi hii ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na inawahusu wote, mwajiri awe Mchina, Mhindi, Mzungu au Mswahili mwenzetu. Tuiseme kwa lugha ya mezani:

Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Zaidi ya hapo ni ziada, na kila saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ni ya malipo. Mfanyakazi anatakiwa kupewa maelezo ya ajira yake kwa maandishi.

Na sahani ikivunjika? Hapa ndipo wengi wanaibiwa. Mwajiri haruhusiwi kuamka tu na kukata mshahara. Lazima mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ukisikia binti kakatwa nusu ya mshahara kwa bakuli la supu, ujue sheria imevunjika kabla ya bakuli.

Akifukuzwa kwa uonevu ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Migogoro mingine ni siku 60. Na kipo chama cha wafanyakazi wa hoteli, CHODAWU. Je, tumewahi, sisi vijana wa upinzani, kukaa na wahudumu 10 wa migahawa tukawaambia haya? Au tunasubiri uchaguzi ndipo tuwakumbuke?

Kuna siku tulikwenda watu 8, shughuli ya binamu yangu aliyemaliza diploma ya uuguzi. Mgahawa siutaji. Chakula kilikuwa kizuri, bili ikaletwa kwenye kikaratasi cha mkono. Nikaomba risiti ya EFD. Nikaambiwa mashine mbovu. Nikasema nitasubiri. Nikaambiwa kwa upole kwamba ikitoka na risiti bei inapanda. Wenzangu wakaanza kunivuta shati, "Achana nao, tuondoke." Nikakaa. Baada ya robo saa mashine ikapona. Bei haikupanda.

Makamanda, ile kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, tumeilipa sisi tuliokula. Mwenye mgahawa ni mbebaji tu. Bila risiti, hela ya zahanati imebaki kwenye droo yake. Halafu kesho tunaandika kwamba zahanati ya kata haina dawa. Na tusijidanganye, mchezo huu si wa Wachina peke yao. Baa zetu za nyama choma nazo mashine zake huugua sana, hasa wikiendi.

KILICHOMO NDANI YA SAHANI

Kuna swali jingine ambalo hatuliulizi kwa sababu mdomo umejaa. Hiki chakula kimetoka wapi?

Yale mafuta ya ufuta yanayonukia kwenye tambi: Lindi na Mtwara wanalima ufuta, na China ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Mchuzi wa soya na zile tofu laini: soya inalimwa Ruvuma na nyanda za juu kusini, na mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya yetu. Zile mboga za majani zilizokaangwa na kitunguu saumu ni ndugu wa karibu wa chainizi tunayonunua kwa fungu sokoni kila jioni. Jina lenyewe linakueleza ilikotoka, na leo hakuna anayeiita mboga ya kigeni.

Tunauza ufuta ukiwa punje, tunanunua mafuta yakiwa kwenye chupa yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Mkulima wa Nachingwea anapanga foleni ya malipo ya ghalani, na mwanawe anahudumia meza Masaki ambako mafuta yale yale yanamwagwa kijiko kijiko kama dawa. Hapo kuna sera ya viwanda iliyofeli, na inaonekana kwa macho, inanukia kabisa. Huhitaji ripoti. Kaa mezani, soma lebo.

MCHINA NA MTAIWANI

Wengine wetu tunawaita wote Wachina, tunamaliza. Lakini kile kinywaji cha chai ya maziwa chenye gololi nyeusi chini ya kikombe, ambacho vijana wa Nairobi na Dar siku hizi wanakinywa kwa mrija mnene, kilizaliwa Taiwan miaka ya 1980. Na gololi zile ni unga wa muhogo. Ndiyo, muhogo! Mkuranga na Handeni muhogo upo wa kumwaga, lakini hakuna kiwanda cha kutengeneza gololi.

Tanzania haina uhusiano wa kibalozi na Taiwan. Tulisimama na Beijing ilipoingia Umoja wa Mataifa Oktoba 1971, na Salim Ahmed Salim alikuwa pale ukumbini. Sina nia ya kufungua mjadala huo hapa. Ninachotaka vijana wakijue ni kingine. Taiwan ilitawaliwa na chama kimoja, Kuomintang, kwa zaidi ya miaka 50. Sheria za kijeshi zilidumu tangu 1949 hadi 1987, vyama vipya vikiwa marufuku. Septemba 28, 1986, marufuku ikiwa bado ipo, wapinzani walikutana kwenye Grand Hotel mjini Taipei, kwa jina la kupanga wagombea wao, na wakatoka pale wakiwa wameanzisha chama, DPP. Mwaka 1996 nchi ikamchagua rais kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 DPP ikashinda.

Sisi tulikaa bila mikutano ya hadhara tangu 2016 hadi zuio lilipoondolewa Januari 2023. Tunajua maana ya kuzungumza siasa kwa sauti ya chini, chakula kikiwa mezani. Kwa hiyo msidharau meza. Watu 10 waliokaa saa 3 wakila kikoa wanaweza kupanga mambo ambayo mkutano wa watu 1,000 hauwezi kuyapanga.

TUFANYE NINI

Napendekeza kwa jumuiya yetu mambo manne.

Kwanza, tuache kukaguana sahani. Mwanachama apimwe kwa kazi ya tawi lake, na picha ya chakula cha familia yake aachiwe mwenyewe.

Pili, kila kiongozi wetu anapokula nje, popote, kwa Mchina au kwa mama ntilie mwenye mashine, adai risiti. Sheria inamtaka mnunuzi aidai. Tuwe mfano.

Tatu, kila tawi la mjini litenge Jumatatu moja kwa mwezi, siku ambayo migahawa mingi haina wateja wengi, kukutana na wahudumu na wapishi kuwasomea haki zao. Atakayedhulumiwa, tumsindikize CMA ndani ya zile siku 30.

Nne, wabunge na madiwani wetu wadai jambo moja bila kuchoka: mikataba yote mikubwa na makampuni ya nje iwekwe wazi kabla ya kusainiwa, kwa Kiswahili. Na maofisa kazi wakague migahawa yote, bila kuchagua uso wa mwenye mgahawa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka yote hii mgeni ameshakuja, ameshakaa, ameshafungua na biashara. Kama mwenyeji bado hajapona, aulizwe mwenye nyumba aliyempokea na kumpangia masharti.

Mapambano yaendelee.